Tangi la mawimbi kutoka Kibuye: maoni ya mwalimu wa jiografia

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kwanza: shilingi 21,500, mota ikiwemo, betri ujitafutie. Nusu nililipa kwa M-Pesa siku ya kuagiza, nusu nikamaliza siku ya kuchukua. Bidhaa yenyewe ni tangi refu la kioo la kuonyeshea mawimbi, lililoundwa katika karakana moja ya vioo nyuma ya soko la Kibuye hapa Kisumu. Kazi ya kila siku ya mafundi wale ni madirisha, makabati ya maduka na matangi ya samaki wa mapambo. Tangi la mawimbi lilikuwa la kwanza kwao. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa Nyanza na Magharibi, hasa wa shule za kutwa kama yetu, ambazo haziwezi kuota kuagiza tangi la maabara kutoka ng'ambo.

Wanafunzi wangu wanalijua ziwa. Wengi wana baba au mjomba mvuvi, na hakuna asiyejua kwamba upepo wa ziwani ukishaanza mchana, maji ya Dunga hayabaki yalivyokuwa alfajiri. Lakini mada ya kazi ya mawimbi inahusu bahari, na bahari kwao ni mchoro wenye mistari mitatu na mishale. Tena fungu la mchanga linalochorwa vitabuni ni lile lililokwisha kuinuka juu ya maji, likaziba mdomo wa ghuba au likaunganisha kisiwa na bara. Fungu lililozama, linaloamua wimbi livunjikie wapi, huguswa kwa sentensi moja na kuachwa. Mimi naona hapo ndipo penye somo lote, kwa sababu fungu hilo ndilo linalokutana na mtoto akiingia majini kuoga. Watoto wetu siku hizi wanafika pwani. Shule zinawapeleka Mombasa kwa ziara, wanaruka kwenye maji wasiyoyajua hata kidogo, na sisi tumewapa mishale.

Tofauti ya ziwa na bahari si chumvi tu. Wimbi huanza kuihisi sakafu pale kina kinapofikia nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali kutoka kilele hadi kilele. Wimbi la ziwani linalopita kila baada ya sekunde 4 lina urefu wa mita 25 hivi kwenye kina kirefu, kwa hiyo halijali sakafu mpaka kina kiwe mita 12 au 13. Wimbi la Bahari Hindi lililosafiri kutoka mbali, la sekunde 10, lina urefu wa takriban mita 156, na huanza kuikanyaga sakafu penye kina cha mita 78. Sasa kumbuka kwamba sehemu ya Ziwa Victoria yenye kina kuliko zote ni kama mita 80. Wimbi kama hilo lingeletwa kwetu, lingeburuta tumbo lake karibu ziwa zima. Nilipowaambia hivyo darasani, mvulana mmoja wa kutoka upande wa Usenge aliweka kalamu chini akaniangalia, na nikajua amelipima wimbi lile na ziwa lake.

Tangi lenyewe lina urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 35. Kioo ni cha milimita 8. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo: bamba la kioo huja likiwa na mita 2.44, kwa hiyo upande mzima unatoka kwenye bamba moja, bila kiungo katikati kinachoweza kuachia. Maji ya kina cha sentimita 20 ni lita 96, mitungi mitano isiyojaa, na ni kilo 96 kabla hujaweka mchanga. Meza ya darasani isikushawishi. Sisi tumeliweka juu ya benchi la mbao nzito la karakana ya useremala, na chini yake tukatandika povu jeupe la kupakia televisheni ili kioo kisikae juu ya kijiwe.

Upande mmoja kuna pedali: kibao cha plastiki chenye bawaba chini, kinachosukumwa mbele na nyuma na mota ya waipa ya matatu, kuukuu lakini nzima. Hapa ndipo kazi ilipotaka akili, na fundi aliitoa. Mota ile inazunguka mara 45 hivi kwa dakika. Ikifungwa moja kwa moja kwenye pedali inatoa wimbi moja kila sekunde moja na theluthi, na wimbi hilo ni refu kupita mita moja na nusu. Ndani ya tangi la mita 2.4 hakuna nafasi ya wimbi la namna hiyo. Maji yote huinama huku na kuinuka kule. Nilimweleza fundi kwamba nataka mawimbi mafupi, matano au sita yaonekane kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, unataka yagonge mara ngapi kwa dakika?" Nikamwambia kama mia na kumi hivi. Akaingia ndani, akatoka na gia mbili za baiskeli na mnyororo. Gia ya meno 46 aliifunga kwenye mota, ya meno 18 kwenye mhimili wa pedali. Mizunguko 45 ikawa 115. Wimbi sasa lina urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 40, na nusu yake ni kama kina chote cha maji. Maana yake ni kwamba wimbi linatoka kwenye pedali likiwa huru, halafu linaihisi sakafu pale pale mteremko wa mchanga unapoanza. Hata ningeagiza Ulaya, nisingepata kilichopimwa vizuri zaidi kwa somo langu.

Mchanga ni wa mto, niliununua kwa debe, tukauchekecha na kuuosha mpaka maji yakatoka safi. Msiruke hatua ya kuosha. Mchanga usiooshwa hugeuza maji kuwa tope na hamtaona kitu.

Tulipanga mteremko laini kutoka mwisho wa maji hadi kilindini, bila tuta, bila shimo. Nikawasha mota. Wimbi lilikuwa na kimo cha sentimita 4. Mwanzoni wanafunzi walitazama povu ufukweni tu. Nikawaomba waweke macho ubavuni, kwenye kioo, wafuatilie kilele kimoja tangu kinatoka kwenye pedali. Ndipo wakaanza kusema wenyewe: linapunguza mwendo, yale ya nyuma yanalikaribia, linanenepa, linasimama, linaanguka. Penye maji ya kina kifupi kasi ya wimbi hutegemea kina peke yake. Baharini, penye mita 2 wimbi huenda kama mita 4.4 kwa sekunde. Penye mita 1, kama mita 3.1. Kwa hiyo la mbele hupungua kasi kabla ya la nyuma, mawimbi yanabanana, na nguvu iliyokuwa imetandazwa kwenye urefu inahamia kwenye kimo. Kimo kikifika karibu 0.78 ya kina, wimbi haliwezi kujibeba tena. Wimbi la mita 1 huanguka penye kina cha mita 1.3 hivi. Letu la sentimita 4 na kitu, kwa kuwa lilikuwa limeumuka kidogo kabla ya kuanguka, lilivunjika penye sentimita 6. Msichana mmoja alipima kwa rula juu ya kioo, akapima tena, kisha akaandika kwa herufi kubwa.

Kisha tukaliacha lifanye kazi, na hapa ndipo ninapolisifia tangi hili kwa moyo wote. Kabla vipindi viwili vilivyounganishwa havijaisha, chini ya mahali mawimbi yalipokuwa yakivunjikia kulikuwa na tuta. Upande wake wa ufukweni palikuwa na mfereji. Hakuna aliyeugusa mchanga. Wimbi lilijijengea fungu, na fungu lilipokwisha kuinuka likaanza kulitawala wimbi: sasa mawimbi yote yalikuwa yakianguka juu ya tuta, si huko na huko kama mwanzo. Yakishaanguka, yanaingia kwenye maji yenye kina kikubwa zaidi ya mfereji, yanaacha kutoa povu, yanajikusanya upya yakiwa madogo, kisha yanavunjika mara ya pili ufukweni kabisa. Mstari wa povu, nafasi tulivu, mstari wa povu tena. Ukisimama juu ya ufuo wenye fungu utaona picha hiyo hiyo bila kuona fungu lenyewe. Povu ndilo ramani ya sakafu.

Kwa nini mchanga ukusanyike pale na si kwingine? Nilikopa punje za zambarau za pamanganeti, kemikali inayotia maji rangi, kutoka maabara ya kemia. Punje niliyoiangusha ndani ya eneo la povu, karibu na ufukwe, ilitoa uzi wa zambarau uliotambaa chini kabisa kuelekea kilindini. Maji yanayosukumwa juu na mawimbi yaliyovunjika lazima yarudi, nayo hurudi kwa chini, yakibeba mchanga. Punje niliyoiangusha nje, kabla ya mahali pa kuvunjikia, ilitikisika mbele na nyuma, lakini kila mara ilisogea kidogo zaidi upande wa ufukwe. Wimbi linalokaribia kuvunjika lina kilele chembamba chenye nguvu na bonde pana la upole, kwa hiyo husukuma mchanga mbele zaidi ya linavyourudisha. Mchanga wa ndani unatoka, mchanga wa nje unaingia, na vyote viwili vinakutana pale wimbi linapoanguka. Nimefundisha mada hii kwa miaka mingi, na sijawahi kuona darasa langu likinyamaza kama lilivyonyamaza mbele ya zile nyuzi mbili za zambarau zikikaribiana kwenda kukutana.

Jaribio jingine rahisi ni la kupwa na kujaa. Ukichota lita 10, kina hushuka sentimita 2 hivi. Tulipochota, mawimbi yalilivaa fungu kwa nguvu, yakapindika na kupiga. Tulipoyarudisha maji na kuongeza mengine, mawimbi madogo yalipita juu ya fungu bila hata kutoa povu, yakaenda kuvunjika ufukweni. Pale Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Fungu ambalo maji yakiwa yamejaa huwezi kujua kama lipo, maji yakishakupwa linaweza kuwa linaangusha kila wimbi linalokuja. Ni fungu moja, siku moja.

Lazima niseme pia kwamba sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe, na mawimbi makubwa huvunjikia huko mbali. Ghuba ya Malindi iko tofauti, kwa sababu Mto Sabaki unamwaga pale maji yasiyo na chumvi na mchanga na tope jingi, na matumbawe hayapendi maji ya namna hiyo. Mawimbi yanaufikia mchanga. Mwalimu anayetaka mfano wa Kenya wa mada hii aanzie hapo, na akitaka wa karibu na nyumbani, awaeleze wanafunzi jinsi Nzoia inavyoshusha mzigo wake ziwani kule Budalang'i.

Sasa mapungufu, na yapo. Fungu kujengwa na mawimbi yenye nguvu, tangi linaonyesha vizuri sana. Fungu kurudi ufukweni wakati wa utulivu, halionyeshi. Mkono wa mota una matundu matatu ya kubadilishia urefu wa hatua ya pedali, na nikiweka kwenye tundu la karibu, mawimbi yanakuwa madogo mno kuweza kuubeba mchanga wa mto. Yanapita tu. Baharini mambo huenda pande zote mbili: dhoruba ikija, mawimbi makubwa huvunjika mbali zaidi na fungu husogezwa kuelekea kilindini, wakati mwingine kwa siku chache tu; bahari ikitulia, mchanga hurudi taratibu kuelekea ufukwe. Kule Duck, North Carolina, Marekani, wahandisi wa jeshi wana gati la utafiti lenye urefu wa mita 560, na vipimo vya sakafu vinavyochukuliwa pale vimefuatilia kwenda na kurudi huko kwa miaka mingi. Nimeamua kutafuta mchanga mwembamba zaidi kabla sijamlaumu fundi kwa hili.

Pungufu la pili ni kubwa zaidi, na halitokani na ufundi. Tangi lina upana wa sentimita 20. Ufuo una upana wa kilomita. Ndani ya tangi, maji yaliyorundikwa nyuma ya fungu hayana njia ya kutokea ila chini, chini kwa chini. Ufuoni yana njia nyingine: fungu huwa na mapengo, na maji hukimbia kando kando ya mfereji mpaka yakapata pengo, kisha yanatoka kwa pamoja kuelekea kilindini. Mkondo huo wa kurudi unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata muogeleaji wa Olimpiki hawezi kushindana nayo kwa muda mrefu. Na kwa sababu kwenye pengo kina ni kikubwa, mawimbi hayavunjiki pale. Kutoka ufukweni unaona povu kushoto, povu kulia, na katikati njia tulivu ya maji yasiyo na fujo. Mtoto mwenye busara, aliyeambiwa na mama yake asiende penye mawimbi makali, atachagua kuogea pale katikati. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kila tunapopanga ziara ya pwani.

Tarehe 6 Februari 1938, katika ufuo wa Bondi jijini Sydney, mamia ya watu walikuwa wamesimama juu ya fungu la mchanga, maji yakiwafika kiunoni. Mawimbi makubwa yalikuja mfululizo, yakawazoa wote kutoka kwenye fungu hadi mfereji wenye kina, na mkondo ukawavuta nje. Takriban watu 250 walihitaji kuokolewa. Watano walikufa. Nimewasimulia wanafunzi kisa hicho tukiwa tumesimama mbele ya tangi, nikionyesha kwa kidole fungu ni lipi na mfereji ni upi, na nikasema wazi kwamba pengo hawalioni hapa, nikalichora ubaoni kama linavyoonekana kutoka juu. Nikawaambia na la kufanya: ukivutwa usipigane na mkondo, utachoka na utazama. Elea, inua mkono, ita. Ukiweza, ogelea sambamba na ufukwe kuelekea penye povu, maana penye povu ndipo penye fungu, na penye fungu ndipo kina kinapopungua. Mwalimu atakayenunua tangi hili asiache kulisema hilo. Ukionyesha tangi peke yake, darasa litaondoka likiamini kwamba maji hurudi kwa chini tu.

Kuhusu huduma. Kona moja ilivuja siku tuliyojaza maji mara ya kwanza. Niliwapigia simu, wakaja shuleni, wakalikausha tangi, wakakwangua silikoni ya zamani na kuweka mpya bila kudai hata nauli. Walituambia tusitie maji kabla ya saa 24 na tukatii; tangu hapo halijavuja tena. Pia kioo kilikuwa kikipinda kidogo katikati maji yakijaa, kwa hiyo waliongeza vipande viwili vya kioo juu, vya kufunga upande na upande. Hivyo vingekuwepo tangu mwanzo. Mnyororo unapiga kelele, na tone la mafuta ya cherehani kila wiki linasaidia. Nyuma ya pedali maji yalikuwa yakirukaruka na kumwagika mpaka tulipopachika kipande cha godoro kikuukuu cha kunyonya mawimbi. Na usitume tuktuk. Kwa mita 2.4 za kioo, chukua pikapu, watu wawili waweke mikono juu yake mpaka ufike.

Mafundi wenyewe siwezi kuwasifu vya kutosha. Yule mkubwa wao alikuja tena, safari hii bila kuitwa, akasimama nyuma ya darasa wakati mota inafanya kazi. Baada ya kipindi aliniuliza kuhusu yale mapengo, na kama sanduku pana, la mita 1.2 kwa 1.2 lenye maji ya kina kifupi, lingeweza kuyaonyesha kutoka juu. Linaweza, likiwa na pedali ndefu upande mzima. Tumekubaliana alikadirie bei, na shule mbili jirani zimesema zitachangia.

Kwa atakayeagiza hili la sasa: taja mapema vile vipande vya kufunga juu, sema mota iwe na gia za baiskeli za meno 46 na 18, na badala ya matundu matatu kwenye mkono wa mota uombe matano, ili upate mawimbi ya katikati. Nami nimeagiza mkono mpya wa namna hiyo, na utagharimu shilingi 300.